Springfield 1903 yenye kitako cha oda, haina jina: ni Griffin & Howe kweli?

#1 MtutuMrefu
Wakuu, habari. Naomba macho yenu. Bunduki ni Springfield 1903 ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya kuwindia. Muuzaji anaiita Griffin & Howe na bei ameipanga kwa jina hilo, ila jina lenyewe silioni popote.

Ninachokiona bila kuifungua: namba ya risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti) imepita 1,300,000. Mtutu ni wa inchi 24, na nyuma ya kilengeo cha mbele kuna SA, bomu linalowaka na 8-29. Kilengeo cha nyuma ni Lyman 48. Kitako ni mjozi, rangi ya asali yenye mistari myeusi. Kina shavu (uvimbe wa kuegemeza uso) upande wa kushoto lenye ukingo mwembamba wa kivuli, na ncha ya mbele ni pembe nyeusi. Kofia ya mshiko ni chuma, na bamba la kitako ni chuma chenye nakshi ya mikato, lile la aina ya Niedner. Mshiko na sehemu ya mbele vina nakshi ya mikato ya mtindo wa ncha, haina mpaka kuzunguka. Ubavu wa kushoto wa risiva una matundu yaliyozibwa.

G&H au siyo? Kama siyo, nani?

#2 NambaKwanza
Karibu. Anza na mtutu. Griffin & Howe walikuwa wanapiga jina la kampuni, New York na namba ya kazi kwenye mtutu. Kumbukumbu za namba zao zilitunzwa, kwa hiyo namba ikiwepo unaomba barua na mjadala unakwisha. Isipokuwepo, hata kitako kiwe kizuri namna gani, neno sahihi ni "huenda". Na bei ya "huenda" si bei ya G&H.

Angalia pia chini ya mtutu, sehemu inayofichwa na mbao. Usitegemee juu tu.

#3 PatasiKali
Mkuu NambaKwanza umekimbilia mtutu ukaruka matundu. Ubavu wa kushoto wa risiva ndipo kinapokaa kishikio cha darubini cha G&H, kile cha kutoa na kurudisha kwa vishikizo viwili. Bamba lake hufungwa kwa skrubu na pini. @MtutuMrefu, matundu ni mangapi, na yote yana ukubwa mmoja? Ukikuta mchanganyiko wa matundu yenye nyuzi za skrubu na mengine laini ya pini, kwangu hiyo ni G&H.

#4 Bamba_la_Chuma
Hapana, #3. Kile kishikio kiliuzwa peke yake, na mafundi wengi wakakifunga kwenye bunduki zisizopita kabisa mikononi mwa G&H. Matundu yanakwambia kilikuwepo kishikio, hayakwambii nani alichonga mbao.

Kinachofaa kutazamwa ni mbao iliyo chini ya matundu. Kishikio kinapofungwa, mara nyingi ukingo wa kitako hupunguzwa kidogo ili bamba lake likae. Kama pale palipopunguzwa pana mafuta na rangi ileile ya kitako kizima, aliyechonga kitako alijua kishikio kinakuja. Kama pamepauka, au kumepakwa kitu kingine juu yake, kishikio kililetwa baadaye na mtu mwingine. Fanya hivyohivyo kwa pengo la Lyman 48 upande wa kulia. Lyman 48 ya kabla ya Vita ya Pili ina slaidi ndefu inayoingia ndani ya mbao. Ya baada ya vita ni fupi. Slaidi fupi ndani ya pengo refu maana yake kilengeo kimebadilishwa.

#5 Kikuza
Mimi naona ni mkono wa Howe mwenyewe. Jina la kampuni ni la watu wawili, na mtutu wa 1929 unaangukia wakati wao. Mistari ya namna hiyo ni ya bingwa.

#6 NambaKwanza
@Kikuza hapo umeteleza mara mbili. James Howe alitoka Frankford Arsenal, kiwanda cha jeshi la Marekani, alikuwa mtu wa chuma. Wa mbao alikuwa Seymour Griffin. Na kampuni ilianza 1923, Howe akaondoka ndani ya mwaka uleule kwenda Hoffman Arms, Cleveland. Mwaka 1929 hakuwepo. Kampuni yenyewe ikachukuliwa na Abercrombie & Fitch mwaka 1930.

Jingine la kuzingatia: "kitako cha G&H" si lazima kiwe cha Griffin kwa mkono wake. Karakana ilikuwa na wachongaji kadhaa. Hata ukipata barua, itakupa kampuni, tarehe na mteja. Mchongaji ni swali lingine.

#7 Kikuza
Nimekuelewa, asante. Basi ni mchongaji wa G&H.

#8 PatasiKali
Kikuza haachii! 😄

#9 Nyota_Mdomoni
Mnakwenda haraka. Mtutu wa SA wenye tarehe, inchi 24, Lyman 48: hivyo vitatu kwa pamoja vinanikumbusha NRA Sporter, bunduki ya kuwindia iliyotoka Springfield Armory (SA) yenyewe, kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani. Iliuzwa kwa wanachama wa NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani, kuanzia 1924 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Lyman 48 ilitoka nayo kiwandani. Tazama mdomo wa mtutu. Ukiona alama ndogo ya nyota kwenye ukingo wa chini, mtutu umepimwa kwa kipimo cha nyota, kifaa cha kukagua upana wa ndani wa mtutu. Kitako cha kiwandani kilikuwa kitupu, hakina nakshi wala pembe. Kwa hiyo hadithi inayokaa vizuri zaidi ni hii: mtu alinunua NRA Sporter, akaipenda mitambo, akaagiza kitako kipya kwa fundi. Fundi yeyote.

Na muuzaji akikwambia "Lyman 48 ni ushahidi wa G&H", mwambie hiyo ilitoka serikalini.

#10 MtutuMrefu
Asanteni. Nimerudi na lenzi. Nyota ipo mdomoni. Matundu ni matano, matatu yana nyuzi za skrubu na mawili ni laini. Ukingo wa mbao chini yake umepunguzwa kidogo, rangi sawa na kitako kingine, ila ndani ya kile kipunguzo naona kama mng'ao zaidi. Pengo la Lyman ni refu na slaidi ni ndefu. Nakshi nimehesabu mistari 7 kwa inchi, imenishangaza, inaonekana ni laini sana kwa macho.

#11 Fundi_Nakshi
Saba haiwezekani, mkuu. Umehesabu kwa urefu wa almasi, yaani vile vijiumbo vinavyotokea mistari inapokatana. Hapa wengi hukosea na kuandika vipimo visivyofaa, kwa hiyo ngoja niweke taratibu.

Mistari kwa inchi huhesabiwa kwa kukata mstari kwa pembe mraba, yaani rula inasimama wima juu ya mstari mmoja mrefu, na unahesabu mifereji ya upande mmoja tu. Almasi ya kawaida ina urefu mara tatu ya upana. Kama kweli ni mistari 22 kwa inchi, ukihesabu almasi kwa urefu utapata kama 7, ukihesabu kwa upana utapata karibu 21. Kwa hiyo saba yako inanipa 22, kipimo cha kawaida kabisa kwa kazi nzuri ya wakati ule.

Usiishie kwenye idadi. Chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya nakshi, paka penseli laini kwa ubavu wa risasi yake. Fanya paneli zote nne: kushoto na kulia kwenye mshiko, kushoto na kulia mbele. Kisha tazama haya:

Kwanza, pembe ya almasi ibaki ileile kutoka mwanzo wa paneli hadi mwisho. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. Ikiwekwa vibaya, almasi za juu huwa ndefu na za chini huwa fupi.

Pili, pale mistari inapokutana na ukingo. Nakshi isiyo na mpaka haina pa kuficha. Mkono uliokomaa husimamisha kila mfereji kwenye mstari wa nje bila kuuvuka hata kwa unywele. Hesabu mivuko kwa kila paneli na uandike imetokea upande gani. Anayetumia mkono wa kulia huvuka zaidi pale anaposukuma chombo kuliko pale anapovuta, na tabia hiyo hubaki kwenye kazi zake zote.

Tatu, kama imekatwa upya. Nakshi iliyorudiwa ina mifereji iliyo na rangi nyepesi chini kuliko mbao ya pembeni, na mara nyingi ukingo unakuwa na mistari miwili iliyokaribiana, wa zamani na mpya. Ikiwa imerudiwa, unasoma mkono wa mrekebishaji, siyo wa mchongaji.

#12 Mjozi_Mzee
Naheshimu #11 lakini siamini nakshi itakupa jina. Mitindo ilinakiliwa. Mtindo wa ncha ulikatwa na kila mtu. Maua ya fleur-de-lis watu wanampa Al Biesen wa Spokane moja kwa moja kwa sababu ya bunduki za Jack O'Connor, mwandishi wa uwindaji, na kumbe wapo waliomwiga kwa miongo. Uvimbe wa kiganja upande wa mshiko unaitwa kwa jina la Ludwig Wundhammer wa Los Angeles, na leo unaukuta kwenye vitako vya mashine.

Vipande vya chuma ni vibaya zaidi. Bamba la aina ya Niedner limeuzwa na wengi, kwa miaka mingi. Kazi halisi ya Niedner wa Dowagiac, Michigan, ingekuwa na jina la kampuni kwenye mtutu, na huu mtutu ni wa Armory. Tom Shelhamer ndiye aliyekuwa mchongaji wao mkuu, na alichonga pia kwa jina lake. Kwa hiyo hata "Niedner" peke yake si mkono wa mtu mmoja.

Mimi ninaamini umbo. Mstari wa chini kutoka kinga ya kifyatuo hadi kofia ya mshiko, unene wa mgongo wa kitako, na jinsi shavu linavyoyeyuka kuelekea mshikoni. Hivyo havinunuliwi dukani.

#13 Fundi_Nakshi
Umbo nalo linanakiliwa, @Mjozi_Mzee. Weka kitako kwenye mashine ya kunakili na unapata mstari uleule. Mivuko ya nakshi hainakiliki kwa mashine.

#14 Stoo_ya_Zamani
Na hapo ndipo napenda kuingia. Hakuna aliyetaja vitako vya nusu-tayari. Stoeger wa New York alikuwa anauza vitako vya Peerless miaka ya 1930, vya Springfield vikiwemo, vyenye shavu na mshiko wa bastola. Bishop wa Warsaw, Missouri, naye aliuza vilivyochongwa nusu, na baadaye Fajen wa mji uleule. Fundi, au mwenye bunduki mwenyewe, alinunua, akamalizia kuchimba, akaweka pembe na bamba, akakata nakshi. Matokeo yake ni kitako chenye mstari wa kitaalamu, mbao ya Ulaya na mkono usio na jina.

Jibu liko ndani ya chimbo, pale mbao ilipochimbwa ili chuma kikae. Fungua.

#15 Bamba_la_Chuma
Kabla hujafungua: hakikisha chemba na magazini ni tupu, toa bolti. Tumia bisibisi iliyosagwa ijae mfereji wa skrubu kikamilifu. Bisibisi ya kabari itararua mfereji, na skrubu zilizopangwa mifereji yake yote kuelekea mdomoni ni sehemu ya thamani. Piga picha ya kila skrubu kabla ya kugusa. Mbao isitoke kwa kugongwa. Ikigoma, legeza skrubu mizunguko michache na gonga kidogo vichwa vya skrubu kwa mpini wa mbao, risiva itashuka sawasawa bila kung'oa kingo.

Ndani tazama kona. Patasi huacha kona kali na vibapa vidogo ukutani. Mashine ya kukatia huacha kona yenye mviringo kutoka juu hadi chini na sakafu yenye mikwaruzo ya nusu duara. Usichanganye na keekee. Fundi wa mkono naye alitoboa kwanza kupunguza kazi, ila keekee huacha kidoto cha katikati sakafuni.

Ukiona gundi ngumu ya kioo, Acraglas na ndugu zake, hiyo ni kazi ya miaka ya 1950 au baadaye. Inaweza kuwa matengenezo tu, usihukumu kitako kizima kwa ajili yake.

Chini ya bamba angalia skrubu. Skrubu ya msalaba haikuwa kitu cha kawaida kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Ukiikuta pale, bamba limewahi kutolewa.

#16 Taa_ya_Zambarau
Kabla ya kurudisha, zima taa na upitishe mwanga wa ultravaioleti. Shelaki hung'aa rangi ya chungwa, mafuta ya kitani hung'aa hafifu kwa manjano. Pale mng'ao unapobadilika ghafla ndipo kulipoguswa. Nimevutiwa na ule mng'ao alioutaja kwenye kipunguzo cha kishikio. Ukiwaka tofauti na kitako kingine, hoja ya #4 inaangukia upande wa "baadaye".

#17 Kikuza
Swali la kando. Ni kweli Griffin ndiye wa kwanza kuvalisha Springfield kitako cha kuwindia?

#18 Nyota_Mdomoni
Hapana. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa na yake iliyotengenezwa Springfield Armory, na akaenda nayo Afrika Mashariki mwaka 1909. Wundhammer alivalisha zake mwaka 1910, moja ikiwa ya mwandishi Stewart Edward White. Griffin naye alianza karibu wakati huohuo. Nani kamzidi nani kwa miezi, watu wanabishana hadi leo.

#19 Oberndorf98
Kwa kuwa tumetoka njiani: nina Mauser ambayo kila mtu anasema kitako chake ni cha mchongaji Alvin Linden wa Bryant, Wisconsin. Shavu, nakshi, kila kitu. Risiva ni FN (kiwanda cha Ubelgiji) ya kibiashara. Mnaonaje?

#20 NambaKwanza
Linden alifariki 1946. Risiva za FN za kibiashara zilianza kuingia Marekani kwa wingi baada ya hapo. Ama kitako kilihamishwa kutoka Mauser nyingine, ama si chake. Kagua mfereji wa mtutu. Mtutu uliobadilishwa huacha kivuli cheusi pembeni, pengo lisilolingana kushoto na kulia. Ukikuta mbao imeshika mtutu kama ngozi kotekote, basi kitako na mtutu vimezaliwa pamoja na Linden anatoka kwenye orodha.

#21 Mjozi_Mzee
Ongeza hapo: Linden aliandika maelekezo ya kuchonga, hatua kwa hatua, na wapenzi wengi walifuata. Wanafunzi wake wa kusoma tu ni wengi kuliko vitako vyake.

#22 Oberndorf98
Nitafungua na nitaanzisha uzi wangu. Samahani kwa kuteka huu.

#23 MtutuMrefu
Wakuu, nimeifungua. Chini ya mtutu hakuna jina la fundi wala namba. Hakuna gundi ya kioo. Chimbo la magazini lina kona kali na vibapa vya patasi pande zote, lakini nyuma ya kizuizi cha mrudisho kuna kona moja yenye mviringo wa juu hadi chini, na sakafu ya hapo ni laini mno. Kuna masizi meusi ya kupimia (ya kuonyesha chuma kinapogusa mbao) yaliyobaki kwenye vinyweleo vya mbao.

Chini ya bamba: namba 43 kwa penseli kwenye mbao, na 43 hiyohiyo imepigwa kwa nyundo ndani ya bamba. Pembeni kuna herufi inayofanana na L, mkia umefutika. Skrubu mbili za mfereji, ya chini ni mpya kuliko ya juu na tundu lake limejazwa kijiti. Kwenye ultravaioleti kitako kizima ni manjano hafifu, kipunguzo cha kishikio ni cheupe-bluu.

#24 Bamba_la_Chuma
Basi kishikio kilikuja baadaye, na matundu yametoka kwenye hesabu. @PatasiKali, pole.

#25 PatasiKali
Nimekubali matundu. Sijakubali mengine. 43 kwenye mbao na 43 kwenye bamba ni namba ya karakana yenye kazi nyingi mezani kwa wakati mmoja. Bamba linakwenda kwenye rangi ya chuma, linarudi, lazima lijue kitako chake. Mtu anayechonga kimoja nyumbani hana sababu ya kupiga namba.

#26 Stoo_ya_Zamani
Au ni namba ya gogo kutoka kwa muuza mbao, na fundi akaihamishia kwenye bamba. Na ile kona yenye mviringo nyuma ya kizuizi ndiyo sahihi ya kitako cha nusu-tayari: mashine ilianza, patasi ikamalizia. Mahali pagumu zaidi kufikia ndipo alama ya mashine ilipobaki.

#27 Fundi_Nakshi
Karakana kubwa nazo zilikuwa na mashine za kupunguza mbao, kwa hiyo kona moja haitoshi kumpeleka kwa Stoeger. Na Stoeger hakupiga namba ndani ya bamba la Niedner.

#28 Mjozi_Mzee
Mnaisahau L. Inaweza kuwa "L" ya kushoto, ya mteja, ya mchongaji, au nusu ya herufi nyingine. Nawaomba asitokee mtu wa kusema Linden.

#29 Kikuza
Nilikuwa naandika 😄

#30 NambaKwanza
@MtutuMrefu, kwa bei: iliyopo mkononi ni Springfield yenye mtutu wa nyota na kitako kizuri cha kati ya vita mbili, mchongaji hajulikani, kishikio cha darubini kimeongezwa na kutolewa. Mlipe muuzaji kwa hicho. Jina la G&H aliondoe kwenye maelezo hadi alete karatasi.

#31 Fundi_Nakshi
Na usirudishe bamba bado. Pima mikato ya bamba lenyewe kwa njia ya #11, rula wima juu ya mstari, kisha piga picha ya ile L ukiwa na taa imelala pembeni kabisa, kutoka kushoto halafu kutoka chini. Mkandamizo wa penseli hubaki kwenye nyuzi za mbao hata risasi ikifutika. Weka picha zote mbili hapa pamoja na karatasi za paneli nne. Nina vitako viwili vyenye namba za penseli chini ya bamba, nataka kulinganisha umbo la hiyo 4.